Mji Mtupu Uliosema Umejaa

Wazee wa ngumi hapa kijiweni wanaijua Lewiston, ila wengi hawajui kwamba wanaijua. Ile picha ya Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston, mkono kaukunja kifuani, anamfokea mwenzake ainuke, ipo ukutani kwa vinyozi tangu tukiwa watoto. Basi ni pale. Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani, usiku wa tarehe 25 Mei 1965. Boston walikuwa wamelikataa pambano, likahamishiwa kwenye ukumbi wa hoki ya barafu katika mji mdogo wa viwanda vya nguo, na watazamaji waliohesabiwa ni 2,434. Ali alikuwa ametangaza Uislamu wake na kubadili jina mwaka uliotangulia, na magazeti mengi ya kwao bado yalikuwa yanamwita Clay kwa makusudi. Msianze tena ile mada ya ngumi iligusa au haikugusa, hatutamaliza mpaka Ijumaa. Ninachotaka leo ni mji wenyewe.

Nautaka kwa sababu hapa barazani kumezuka usemi, na unasemwa na vijana wenye akili zao: eti mji mkubwa unaweza kubeba wageni, lakini mji mdogo wageni wakishaingia umekwisha. Msyuuu! Ukimuuliza mtu umekwisha vipi, anakuhesabia vidoleni: kazi, nyumba, lugha, dini, mila. Haya. Lewiston imeyapitia yote matano, na waliokuwepo wapo hai.

Kwanza mjue wenyeji wa pale ni akina nani. Karne ya 19, maji ya mto Androscoggin yalipochimbiwa mifereji ya kuendesha mashine za pamba, wenye viwanda walihitaji mikono. Treni zikawa zinashuka kutoka Quebec, Kanada, zimejaa wakulima masikini, Wakatoliki, wasemao Kifaransa, baba na mama na msururu wa watoto. Wakapanga kwenye majumba marefu ya mbao kando ya mfereji, mtaa ukaitwa Kanada Ndogo. Kwa senti za wasokota nyuzi wakajenga kanisa kubwa ajabu kuliko mji ule ulivyo. Na waliowatangulia hawakuwapokea kwa vigelegele. Waliambiwa wanazaa mno, wanashusha mishahara, wanamtii Papa kuliko serikali, hawataki kujifunza Kiingereza. Mwaka 1919 Maine ikapitisha sheria kwamba shule za serikali zifundishe kwa Kiingereza, na wapo vikongwe wanaokumbuka kuadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao uwanjani. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, wale wa kofia nyeupe za ncha, walipata wafuasi wengi Maine. Shabaha yao kuu kule hawakuwa watu weusi, maana walikuwa wachache mno. Shabaha ilikuwa hawa Wakatoliki wa Kifaransa.

Shikeni hapo.

Viwanda vikafa. Kazi zilihamia kusini mwa Marekani kwenye mishahara midogo, kisha ng'ambo. Mwaka 1970 Lewiston ilikuwa na watu karibu 42,000. Sensa ya 2000 ilikuta hawafiki 36,000. Vijana waliondoka, wazee wakabaki. Maine yenyewe ndiyo jimbo lenye umri wa kati mkubwa kuliko yote Marekani, yaani ukiwapanga watu wote mstari mmoja kwa umri, anayesimama katikati ni mtu mzima mwenye mvi zake. Mtaa wa Lisbon, ambao ndio kitovu cha biashara, maduka yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Ghorofa za juu za yale majumba ya wafanyakazi zilikuwa tupu, na mwenye nyumba asiye na mpangaji haezeki paa.

Katika hali hiyo, mapema mwaka 2001, ndipo zikaanza kufika familia za Kisomali.

Hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapopotosha. Mkimbizi aliyepelekwa Marekani miaka ile kutoka kambi kama Dadaab kule Kenya hakuchagua mji wa kushukia. Alipangiwa. Wasomali wengi walipangiwa miji mikubwa na vitongoji vyake: Columbus kule Ohio, Clarkston karibu na Atlanta. Wakajikuta kwenye mitaa ya bunduki na dawa za kulevya, shule zimefurika, mama anaogopa mtoto asirudi jioni. Wakafanya kile ambacho babu zetu walifanya kabla ya kuhama: wakatuma watu wazima wakaangalie mahali. Waliotumwa walitazama vitu ambavyo mzazi yeyote hapa angevitazama. Shule ikoje, kodi ya nyumba kiasi gani, usiku mtu anatembea? Portland, mji mkubwa kuliko yote wa Maine, ulikuwa umeshajaa nyumba. Lewiston, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka hapo, ilikuwa na nyumba tupu, shule, na usalama. Baridi yake inakata masikio, theluji inafika magotini, lakini mtoto akitumwa dukani anarudi. Habari ikapigwa kwa simu, ndugu akamwita ndugu. Kwa hiyo hawakusukumwa pale. Waliuchagua mji ule, tena wakati ambapo watoto wa mji wenyewe walikuwa wanaukimbia.

Mwaka haujaisha vizuri wakawa mamia, na kufikia vuli ya 2002 walikuwa wamevuka elfu moja. Oktoba ile Meya, Laurier Raymond, akaandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali. Akawaomba wawaambie ndugu zao wapunguze kuja, kwa kuwa mji umefika mwisho wa uwezo wake, kifedha, kimwili na hata kihisia. Mji uliopoteza watu karibu 6,000 kwa miaka 30, wenye nyumba zilizofungwa na maduka yaliyofungwa, unamwambia mpangaji wake wa kwanza wa maana baada ya kizazi kizima: umejaa, usilete wenzako. Lo!

Sasa nisikilizeni, maana sitaki kumdhulumu yule mzee. Mzigo ulikuwepo. Watoto wasiojua Kiingereza walihitaji walimu wa ziada kesho yake asubuhi. Mama mjane mwenye watoto sita alihitaji mkalimani hospitalini. Mji ulilazimika kutoa msaada wa kodi na chakula kwa asiye nacho, na fungu la msaada huo halikupangwa kwa wingi ule. Kinachoniumiza ni anwani ya ile barua. Pesa ya serikali kuu ya kumpokea mkimbizi ilitolewa kwenye mji wa kwanza aliopangiwa, tena kwa miezi michache ya mwanzo. Akihama kwenda mji wa pili, pesa haikumfuata. Washington ndiyo iliyosaini karatasi za kumleta mtu, Washington ndiyo iliyopigwa picha za kumpokea, halafu bili ikaangukia halmashauri ya mji masikini wa viwanda vilivyokufa. Meya alikuwa na haki ya kukasirika. Barua ya hasira ingekwenda Washington. Badala yake kaipeleka kwa jirani wa ghorofa ya tatu ambaye hana hata mwaka mmoja mjini, hana kura, na Kiingereza chake bado cha kuungaunga. Hasira ikikosa anwani ndivyo inavyokuwa, inamwangukia aliye karibu na asiyeweza kujibu.

Na barua ya mkubwa haibaki barua. Kundi la wabaguzi kutoka mbali, wala si wa Maine, likaisoma likaona mlango umeachwa wazi. Likatangaza kuja kufanya mkutano Lewiston tarehe 11 Januari 2003. Siku ile baridi ilikuwa ya kutisha. Waliohudhuria mkutano wa chuki walikuwa watu kama thelathini na kitu. Ng'ambo nyingine ya mji, kwenye ukumbi wa chuo cha Bates, wenyeji waliokuja kusema Wasomali ni wetu walikuwa kama 4,000, na wengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Elfu nne katika mji wa watu 36,000! Fikirieni Tanga hii, mmoja kati ya kila watu tisa anatoka nyumbani kwenye barafu kwenda kumtetea mgeni. Meya hakuwepo, alikuwa likizo.

Nyoo, haikuishia hapo. Mwaka 2006 mtu mmoja alibingirisha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa mtaa wa Lisbon watu wakiwa kwenye sala. Mwaka 2012 meya mwingine, Robert Macdonald, aliwaambia BBC kwamba wanaokuja wakubali utamaduni wa pale na ule wao wauache mlangoni. Sasa mimi namuuliza: utamaduni upi wa pale? Ule wa Kifaransa uliochapwa fimbo shuleni? Ule wa kanisa kubwa ambalo Klan walilichukia? Mji wote umejengwa na watu waliokataa kuacha vyao mlangoni. Wangekubali, pale pasingekuwa na kanisa wala wimbo wala jina la ukoo la Kifaransa. Nililosema mshike ni hili. Mtoto wa aliyefungiwa mlango ndiye sasa ameshika kitasa, na watu wa kumkumbusha bibi yake alivyopokewa walikuwa wachache.

Lakini kuna jambo linalotuhusu sisi hapa Tanga, na linanikera kwamba hatulizungumzi. Waliofika Lewiston hawakuwa Wasomali wa namna moja. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 walifika wale wanaoitwa Wasomali Wabantu. Hao ni nani? Mzee wetu wa Handeni anayekaa hapo pembeni anaweza kuwaambia. Miaka ya 1830 njaa kali ilipiga nchi ya Wazigua. Watu wakauzwa, wengine wakadanganywa kwamba wanapelekwa penye chakula, wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Barawa, Somalia, utumwani. Miongo michache baadaye wakatoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Walitaka kurudi kwao, wakaishia misitu ya mto Juba, wakalima huko kwa zaidi ya miaka 100, na wengi wao wakaendelea kusema Kizigua. Huko Somalia nako walitazamwa kama watu wa chini. Vita vya 1991 vilipolipuka wakaporwa na kila mwenye bunduki, kwa kuwa ghala za mahindi zilikuwa zao na ukoo wa kuwalinda hawakuwa nao.

Wakakimbilia Kenya, Dadaab. Wengine walipanda vyombo wakaja moja kwa moja huku kwa mababu, na serikali yetu ikawapa ardhi Chogo, Handeni, na baadaye wengi wao uraia. Hilo Tanzania ilifanya, na lazima lisemwe kwa sauti. Waliobaki Dadaab waliombewa nafasi Tanzania na Msumbiji, haikuwezekana. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua takriban 12,000. Wakapelekwa kwa mabasi hadi Kakuma, kambi nyingine ya Kenya, kufanyiwa usaili, kisha wakatawanywa Marekani nzima, halafu, kama wenzao, wakaanza kutafutana. Wengi wakatafutana hadi Lewiston.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema watu wa Maine wameingiliwa na wageni, ujue kati ya wageni hao wapo wajukuu wa watu walioondolewa nyuma ya milima hii ya kwetu miaka 190 iliyopita. Wazigua! Wale ambao Mbondei wa hapa anawatania kila asubuhi. Safari yao ni Handeni, Barawa, Juba, Dadaab, Kakuma, Maine. Na walipofika waliomba nini? Waliomba shamba. Jumuiya yao ina mradi wa kilimo, Liberation Farms, na nje kidogo ya Lewiston, kwenye kijiji kinachoitwa Wales, wamepata ardhi ya zaidi ya ekari 100 wanayoilima kwa vikundi. Wameipa jina la Little Jubba. Wanapanda mahindi mahali ambapo kiangazi ni kifupi kama kope, na yanazaa.

Na hapa Afrika Mashariki tusijitoe. Aprili 2014 Nairobi, baada ya mashambulizi ya kigaidi, Wasomali wa Eastleigh walisombwa kwa maelfu, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wakiwemo wenye vitambulisho vya Kenya. Mama kashikwa, mtoto anayenyonya kaachwa nyumbani. Meya wa Lewiston aliandika barua. Sisi tulitumia malori.

Turudi Maine, kwenye mpira, maana najua ndio mliousubiri. Shule ya sekondari ya Lewiston ilikuwa shule ya hoki tangu enzi za Wafaransa. Mpira wa miguu ulikuwa kitu cha pembeni. Kocha Mike McGraw, mtu mzima wa pale pale, alikuwa ameufundisha kwa miaka mingi bila kombe la jimbo. Wakaingia watoto waliojifunza mpira kwenye vumbi la Dadaab na Kakuma, kwa mipira ya matambara kama yetu. McGraw alilazimika kujifunza vitu ambavyo hakuna kozi inayovifundisha: kijana anafungaje Ramadhani na kucheza siku hiyohiyo, nani hakai na nani kwa sababu ya ukoo, mzazi gani afuatwe nyumbani aombwe ruhusa. Akajifunza. Mwaka 2014 wakafika fainali wakafungwa. Mwaka 2015 wakamaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja, fainali wakawafunga Scarborough 1-0, kombe la kwanza la jimbo la mpira wa miguu katika historia ya shule. Wakalirudia 2017 na 2018. Na mnajua walikuwa wanaitikiana vipi kabla ya kuingia uwanjani, Wasomali, Wakongo na Wazungu wa Kifaransa wakiwa wamekumbatiana? "Pamoja ndugu!" Kiswahili hikihiki, kimetoka kambini Kenya kimefika kwenye majani ya Maine, na wale watoto wa wasokota nyuzi wanakiitikia kwa sauti.

Mwaka 2019 Safiya Khalid, binti wa miaka 23 aliyezaliwa Somalia, alichaguliwa kuingia baraza la mji wa Lewiston, akitukanwa mitandaoni na watu ambao wengi wao hawaishi hata Maine. Majirani aliowagongea milango ndio waliompigia kura. Mwaka 2021 Deqa Dhalac, Msomali mwingine, akawa meya wa South Portland, mji mwingine wa Maine. Na sensa ya 2020 ilikuta Lewiston imevuka 37,000. Mji umeacha kupungua.

Kuna jambo dogo ambalo mimi linanigusa kuliko hata kombe. Miaka ya karibuni wameongezeka Maine watu wa Kongo, Angola, Rwanda na Burundi, na wengi wao wanasema Kifaransa. Wale vikongwe wa Lewiston, waliochapwa utotoni kwa sababu ya Kifaransa na hawakuwarithisha watoto wao kwa kuona aibu, wamepata wa kuongea nao. Wanakaa pamoja, bibi wa Kikatoliki wa miaka themanini na mama aliyetoka Kinshasa, wanaongea lugha ambayo wajukuu wa huyo bibi hawaijui. Aliyekuja kumrudishia bibi yule lugha yake ni mgeni. Sasa aje mtu aniambie mila za mji zimekufa kwa sababu ya wageni. Aka!

Lakini hawa wa Kongo na Angola wana tatizo lao, na ndilo linalofanya nipandishe sauti leo. Hawakuja kwa ndege ya wakimbizi. Walipita Brazili na Ekwado, msitu wa Darién kwa miguu, Meksiko, hadi mpaka wa Texas, kisha basi. Juni 2019 walifika Portland zaidi ya 400 kwa wiki chache, mji wa watu wasiofika 70,000, wakalazwa kwenye vitanda vya kukunja ndani ya uwanja wa mpira wa kikapu. Wananchi wakachanga karibu dola milioni moja. Kiswahili na Kilingala vikasikika kwenye foleni ya chakula. Hao wanaomba hifadhi wakiwa ndani ya nchi, na sheria za wakati ule zikawaambia: baada ya kupeleka ombi lako, subiri hadi siku 180 ndipo upate kibali cha kufanya kazi.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale fundi magari, muuguzi, mwalimu wa hesabu kutoka Kinshasa, anazuiwa kisheria kushika jembe kwa nusu mwaka. Na mtaa wa pili kuna nyumba ya kutunzia wazee inafunga vyumba kwa kukosa wahudumu, kuna kiwanda cha samaki kinatafuta watu, katika jimbo lenye wazee kuliko majimbo yote. Wanasiasa wa Maine wenyewe, Susan Collins wa Republican na Chellie Pingree wa Democrat, vyama visivyoamkiana, walipeleka miswada Washington muda upunguzwe uwe siku 30. Haikupita.

Sasa wewe kijana unayesema wageni wanakaa tu kula jasho la mji mdogo, njoo hapa mbele za wazee utujibu. Mtu kazuiwa kazi siku 180, ana mke na watoto watatu, nje kuna theluji. Hizo siku alale wapi, ale nini, na nani alipe? Analipa mji. Yule aliyetunga sheria yuko mbali, na bili kaiacha mlangoni kwa halmashauri, kama alivyofanya 2002.